Bandari ni Amana

Amma baadu. Mwenye kuuza bandari, huuza nini? Mwaka 1890 Seyyid Ali bin Said, Sultani wa Unguja, aliwaachia Wadachi pwani ya Mrima kwa marki milioni 4. Vita vilipozuka mwaka 1914, manowari zao zilikuwa na kituo Dar es Salaam. Gavana akahamia Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, na mizinga ya Waingereza ikaupiga mji wa pwani. Tarehe 26 Agosti 1916 Waingereza waliingia Morogoro, siku chache kabla ya kuitwaa bandari yenyewe. Wapagazi walitwaliwa kwa nguvu pande zote mbili, na maelfu wakafa kwa maradhi na njaa.

Mluguru hakuuza pwani, wala hakuonja thamani yake. Atasema mtu: Sultani alilazimishwa. Na iwe hivyo. Mwenye kulazimishwa huenda akasamehewa, lakini haki ya aliyedhulumiwa haifutiki, bali humwandama aliyelazimisha.

Bandari ni mlango, na bara ni nyumba. Mlango ukikabidhiwa mwenye silaha, hata aliyelala chumba cha ndani hasalimiki. Basi mshika ufunguo na ajue: hicho ni amana ya wote waliomo, na amana haiuzwi.

Wallahu aalam.