Anayepumzika na Anayempumzisha

Zipo meli zinazompeleka mtu aendako, na zipo meli ambazo mtu hulipia safari yenyewe. Hizo za pili ndizo meli za utalii, zinazotia nanga Zanzibar na Mombasa. Katikati ya bandari na bandari, abiria hukaa siku nzima, pengine siku kadhaa, bila kuona nchi kavu. Hana shamba la kupalilia wala mteja wa kumngoja. Hula, hulala, huogelea, hutazama maji.

Mkristo aseme nini juu ya siku kama hizo? Wapo watakaosema upesi kuwa ni uvivu wa matajiri. Lakini Mungu mwenyewe alistarehe siku ya saba, na Bwana Yesu alilala usingizi ndani ya chombo wakati mawimbi yakipiga. Kupumzika si dhambi. Swali ni hili: wakati abiria anapumzika, nani yuko jikoni?

Tuangalie meli tunayoijua. MV Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, katika karakana ya ukoo wa Meyer, ambayo siku hizi inajulikana kwa kuunda meli kubwa za utalii. Ilizamishwa mwaka 1916 wakati wa vita, ikaopolewa mwaka 1924, ikaanza kazi tena mwaka 1927. Kwa miaka mingi ilisafiri kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, safari ya siku mbili tatu. Abiria walipiga soga, wakasinzia juu ya magunia. Chini yao, kwenye joto la mitambo, kulikuwa na watu ambao siku hizo kwao hazikuwa za kupitisha wakati hata kidogo.

Ndivyo ilivyo katika kila meli. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 unaruhusu saa za kazi zifike 14 kwa siku moja na 72 kwa juma. Siku ambayo mgeni anaiita ya mapumziko, kwa anayetandika kitanda chake ni siku ya kazi kama jana na kesho.

Amri ya Tatu inatuambia tuitakase siku ya mapumziko. Kwa kawaida tunaishia hapo. Lakini Kutoka sura ya 20 inaendelea kuwataja watakaopumzika pamoja nawe: mwana na binti, mtumwa na mjakazi, mnyama wa kufugwa, hata mgeni aliye malangoni. Kumbukumbu la Torati sura ya 5 inatoa na sababu: Israeli walikuwa watumwa Misri. Naye Martin Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, anaeleza kuwa mwili wa mtumishi aliyefanya kazi juma zima unahitaji siku hiyo. Basi pumziko ninalolipata kwa kumnyima mwenzangu la kwake bado halijatakaswa.

Katika Matendo sura ya 27, Paulo alikuwa mmoja wa watu 276 waliokuwa melini: mabaharia, askari na wafungwa. Siku ya kumi na nne ya dhoruba aliwasihi wote wale. Hakuwatenga waliovuta kamba na waliobebwa. Wote walikula, wakashiba.

Ndugu zangu wa Nyegina, wengi wetu hatutapanda meli ya utalii. Lakini kila nyumba ina abiria wake na mabaharia wake. Jumapili tunatoka ibadani, tunakaa kivulini, chakula kinaletwa. Aliyekileta alisali wapi? Yule dada wa kazi, ana siku yake? Kijana anayetuchungia ng'ombe, je? Na wale wanaokesha ziwani na taa zao wakituvulia dagaa, nani huwauliza kama wamelala?

Jumapili hii, kabla hujaketi, mshike mmoja wao mkono, umwambie: leo keti wewe, nitapakua mimi.