JE, KUMHURUMIA MTU NI KUMPA KILE ANACHOOMBA?



Wazee walisema: Mganga hajigangi. Leo tunataka kulichunguza neno hilo pamoja nanyi, kwa maana linagusa swali ambalo sisi waamini hulijibu haraka, mara nyingi kwa kuhukumu. Mtu aliyefungwa na dawa au na pombe, ni mwenye zambi au ni mgonjwa? Na sisi tunaompenda, tumtendee namna gani?

Tutwae mfano wa mtu aliyeishi kweli. Mikhail Bulgakov alizaliwa Kiev mwaka wa 1891, mtoto wa mwalimu wa teolojia. Mwaka wa 1916, akiwa na miaka 25 tu, alitumwa katika hospitali ndogo ya kijiji cha Nikolskoye, jimbo la Smolensk, inchini Urusi. Pale alikuwa mganga peke yake. Kwa muda wa karibu mwaka mmoja alilaza wagonjwa 211, na wale waliokuja kutibiwa na kurudi kwao walihesabiwa mara 15,361. Mkigawanya hesabu hiyo kwa siku, mtaona ni zaidi ya watu 40 kila siku. Waganga na wauguzi wetu wa vijijini hapa Congo wanafahamu uzito wa hesabu ya namna hiyo.

Mwaka wa 1917 waliletea mganga huyo mtoto mwenye difteria, ugonjwa wa koo unaoziba pumzi. Alimtoboa koo, akanyonya uchafu kwa mrija ili mtoto apate kupumua. Akaogopa kwamba ugonjwa umemwingia, akapigwa sindano ya kujikinga. Dawa hiyo ikamletea uvimbe na maumivu makali. Ili apate usingizi, akaomba sindano ya morfini. Kesho yake akaomba tena. Kisha hakuweza kuacha.

Sasa tuulize: zambi yake iko wapi? Mlango alioingilia ulikuwa mlango wa upendo, maana alijitoa kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine. Na morfini yenyewe ni dawa njema. Hata leo inatuliza maumivu ya wagonjwa wa kansa. Lakini mwili ukiizoea, unaidai kila siku, na kipimo cha jana hakitoshi leo. Ukiikosa, unatoa jasho, unatapika, unatetemeka, usingizi unakimbia. Kwa hiyo wanaosema “angetaka, angeacha” hawajui wanenalo.

Hata hivyo hatusemi kwamba hakuwa na kosa lolote. Mtu huyo alishika ufunguo wa kabati la dawa. Alimtuma bibi yake Tatiana kuzunguka katika mafarmasi ili amtafutie morfini, na bibi akikataa alimtishia kwa gazabu. Ugonjwa haukuwa zambi, lakini uongo na vitisho vya kuulinda vilimjeruhi mwenzake. Mambo haya mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Anayeona zambi peke yake atamfukuza mgonjwa. Anayeona ugonjwa peke yake atamwacha bibi apigwe.

Tumwangalie bibi huyo. Mwanzoni alimpiga mume sindano, kwa sababu alimwonea huruma. Baadaye, mwaka wa 1918, walirudi Kiev. Huko Tatiana hakutegemea akili yake peke yake. Alipata shauri kwa baba wa kambo wa mume wake, aliyekuwa mganga naye. Akaanza kuchanganya morfini na maji safi, kidogo kidogo, mpaka sindano ikabaki maji. Mume akafunguliwa.

Je, bibi alisema uongo? Wengine watajibu: uongo ni uongo. Sisi tunafikiri hivi: mume aliyelilia sindano usiku alikuwa ni yule yule aliyetamani kupona. Bibi aliwasikia wote wawili, akamtii yule aliyetaka kuishi. Lakini hatuwashauri kuiga hila yake. Leo waganga hupunguza dawa kwa utaratibu, mgonjwa mwenyewe akijua. Tena kuna dawa za kusaidia, kama metadoni, ambayo OMS iliiweka katika orodha ya dawa za lazima mwaka wa 2005.

Bulgakov akawa mwandishi wa vitabu. Mwaka wa 1927 alitoa hadisi inayoitwa Morfini, juu ya mganga kijana wa kijijini, Polyakov. Huyo naye alikuwa na mwanamke aliyempenda, muuguzi, aliyemtengenezea dawa, akamsihi, akalia, lakini siri akaitunza. Polyakov alipomwandikia mganga mwenzake, alikuwa amechelewa. Alijiua kwa bunduki. Tunaamini mwandishi alijua kwamba mwisho huo ungeweza kuwa wake.

Basi, wapendwa, katika nyumba zetu tushike mambo matatu. La kwanza, tusimpe aliyefungwa feza wala chupa ili atulie usiku mmoja. La pili, tusiifiche siri mpaka imwue. Tuipeleke kwa mganga na kwa mzee mwenye busara, lakini tusiitangaze sokoni wala mbele ya kusanyiko ili kumwaibisha. La tatu, tukikataa anachoomba, tusiondoke. Tukae naye wakati anapotetemeka, tumpe maji, tuombe naye, hata akitutukana.

Kumkatalia na kumwacha ni kazi rahisi. Kumpa na kunyamaza ni rahisi vilevile. Kumkatalia na kubaki karibu naye, hiyo ndiyo huruma inayotuchosha, nayo ndiyo tunayodaiwa.

Mungu awape nguvu wote wanaokesha na mgonjwa wa namna hii. Amina.