Je, Kumpeleka Mzazi Makao ya Wazee ni Dhambi?

Somo: Marko 7:9-13, Yohana 19:25-27

Swali hili nimeulizwa na washirika kadhaa, na karibu wote huliuliza kwa sauti ya chini. Mama yuko Mwala peke yake, ameanza kusahau jiko likiwaka. Watoto wako Mlolongo na Nairobi, nyumba ni chumba kimoja, kazi ni ya shifti. Lakini huku Ukambani, ukimpeleka mwaitu kwa makao, watu watasema umemtupa.

Nilisomea biashara, kwa hivyo naanza na hesabu. Inua Jamii humpa mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Hiyo ni kama shilingi 67 kwa siku. Haiwezi kulipa mtu wa kumwangalia. Katiba ya 2010, Kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kutunzwa na familia yake na Serikali. Basi familia lazima itoe.

Hapo ndipo Marko 7 inatugusa. Yesu aliwakemea waliowanyima wazazi msaada wakisema mali ni korbani, imeshatolewa kwa Mungu. Mimi ndiye husimama mbele kuomba ahadi za ujenzi, na nasema wazi: kama ahadi yako ndiyo dawa ya mama yako, nunua dawa kwanza.

Sasa tazama msalabani. Yesu alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi ambaye hakuzaliwa naye, akamchukua kwake. Kwa hivyo kutunzwa na mikono ya mwingine si dhambi. Lakini Yesu alimjua yule mtu, na Mariamu alikuwa pale, akasikia kwa masikio yake.

Kabla ya kuamua, jiulize: Mama ameulizwa, ama ataambiwa akiwa tayari kwa gari? Umefika huko bila kutangaza, ukaona choo, chakula, na nani hulala zamu ya usiku? Ukishalipa kwa M-Pesa, utaenda kumwona?

Na wewe uliyemwacha nyumbani, usijivune. Mzee anayetembelewa Krismasi pekee ametupwa akiwa kwake. Vilevile msimwachie dada mmoja mzigo wote eti hajaolewa.

Wiki hii waite ndugu zako mkae na mama. Yeye aongee wa kwanza.