Milki ya Gemu na Milki ya Shamba

Wanasheria wa mapokeo ya Kirumi huigawa milki katika haki tatu: kutumia kitu, kuvuna manufaa yake, na kukiondosha kwa kuuza au kugawa. Mnunuzi wa gemu ya kupakua hukosa hili la tatu, kwani alicholipia ni leseni, yaani ruhusa ya kutumia. Na kampuni ya Ubisoft ilipozima seva za gemu yake, The Crew, mwaka 2024, hata wenye diski walibaki na plastiki tupu. Kwa mkulima wa kando ya bwawa la Manchira, wilayani Serengeti, jambo hilo si geni sana: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 humpa hakimiliki ya kimila, ilhali ardhi yenyewe ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, ila yeye, shamba likitwaliwa, anastahili fidia kamili, ya haki na ya haraka.