Mtoto na Daftari Lake la Jioni

Katika mtaa wa Kadutu, mjini Bukavu, nyumba zimesongamana juu ya mteremko, moja karibu kuiegemea nyingine. Mto Ruzizi watoka ziwani papo hapo mjini, na umeme hutengenezwa kwa nguvu ya maji yake. Walakini umeme hukatika mara kwa mara, na jioni watoto wengi hufungua madaftari yao mbele ya taa ndogo, au hawayafungui kabisa.

Basi, na wawepo watoto wawili wa darasa moja. Mwalimu amewapa hesabu tano za kufanya nyumbani. Wa kwanza ahangaika nazo mpaka usingizi wamshika: apata tatu, akosa mbili. Wa pili acheza hata giza laingia. Asubuhi, karibu na mlango wa shule, aazima daftari la mwenzake hodari, anakili zote upesi upesi. Mwalimu asahihisha. Wa kwanza apewa tatu juu ya tano, wa pili tano juu ya tano. Je, ni nani aliyepata faida?

Wengi watajibu kwamba yule wa pili ni mwizi. Ndivyo, lakini ameiba nini, na kwa nani? Mwenye daftari hakupungukiwa na kitu. Mwalimu amedanganywa, na hilo ni kosa. Walakini aliyeibiwa hasa ni mwizi mwenyewe: amejinyima ile saa ambayo angalikosa, akafuta, akajaribu tena. Hesabu mbili alizokosa wa kwanza zamfaa, maana ataweza kuuliza amekosea wapi. Wa pili hana la kuuliza.

Wazazi wengine husema dawa yake ni fimbo. Neno hili ni la zamani sana. Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Tagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria, asimulia katika kitabu chake cha Maungamo jinsi alivyoichukia lugha ya Kigiriki, kwa kuwa alifundishwa kwa vitisho na mapigo. Kilatini alikuwa amejifunza tangu utoto kwa walezi wake, katikati ya vicheko na michezo, kwa sababu alitamani kusema yaliyokuwa moyoni mwake. Akaona kwamba hamu ya kujua hufundisha kuliko hofu. Hata hivyo hakujisifu: akiri kwamba asingalijifunza kama asingalilazimishwa. Ila aongeza jambo gumu, kwamba mtu afanyaye jema bila kutaka hajalifanya vema. Fimbo yaweza kumketisha mtoto mbele ya daftari. Haiwezi kumfanya atake kujua.

Tena yafaa kutazama haki. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, yasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya bure. Lakini wazazi waliendelea kuchangia malipo ya walimu mpaka Septemba 2019, amri hiyo ilipoanza kutekelezwa. Watoto wengi wakaja, madarasa yakafurika. Mwalimu mwenye darasa lililojaa atasahihishaje kila daftari kwa makini? Na yupo msichana ambaye, akitoka shule, huchukua bidoni kwenda kuteka maji, kisha hulea wadogo zake hata mama arudi sokoni. Mwalimu amwadhibuye kwa daftari tupu bila kumwuliza neno amehukumu kabla ya kusikia. Wakubwa wa nyumba nao wana deni kwake: nusu saa ya taa, na mtu mwingine wa kumshika mtoto mdogo.

Mama atasema: «Mimi sikusoma, na masomo yao ni ya Kifaransa. Nitamsaidia nini?» Na aulize tu: «Mwanangu, leo mmefundishwa nini? Nieleze.» Mtoto atayamimina maneno ya Kifaransa aliyoyakariri. Mama hayafahamu, basi yampasa mtoto kuyasema kwa Kiswahili au kwa Kimashi, na hapo ndipo wengi hukwama. Wakatekumeni walijua jambo hili vizuri: aliyeshika jibu kwa ulimi tu hutetemeka mwalimu abadilipo maneno ya swali.

Basi yule mtoto wa pili naye aulizwe jioni hiyo. Aleta daftari lenye tano juu ya tano, kwa majivuno kidogo.

«Vema, mwanangu. Hii ya kwanza uliifanyaje?»

Mtoto anyamaza. «Ni kugawanya, mama. Arobaini na nane kwa tatu.»

Mama hajui kusoma tarakimu za darasani, lakini kila siku hugawanya maharagwe sokoni, wala hadanganyiki. Achota maharagwe, ahesabu arobaini na nane, ayamwaga juu ya mkeka. «Haya, wagawie watu watatu, asilalamike hata mmoja.» Mtoto apanga mafungu, akosea, ayachanganya, aanza upya. Mara ya tatu ahesabu kumi na sita, na kumi na sita, na kumi na sita. Atazama daftari, atazama mkeka.

«Mama,» asema, «usiyaondoe kwanza. Zimebaki nne.»