Tusiwe Mashahidi wa Tusiyoyaona

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, sahaba zake na kila anayefuata mwendo wao. Ama baad.

Ndugu zangu wanafunzi, kaka kwa dada,

Makala haya ni marekebisho kwanza, ndipo yawe mawaidha. Muhula uliopita, baada ya swala ya Isha, nilisimama mbele yenu katika chumba chetu cha kusalia nikazungumzia haki za jirani. Ili maneno yaingie nyoyoni nilitoa kisa. Nilisema kwamba katika jiji la Milwaukee, Marekani, alikuwapo muuaji aitwaye Jeffrey Dahmer, aliyewaua wanaume na vijana 17 kati ya mwaka 1978 na 1991. Nikasema kwamba mama mmoja, Glenda Cleveland, alipanga chumba cha ubavuni mwake, wakitenganishwa na ukuta tu, na kwamba alikuwa akisikia vilio na kunusa uvundo usiku kucha, akiwapigia simu polisi wasimsikilize. Niliueleza uvundo ule ulivyopenya kwenye tundu la hewa. Baadhi yenu mlifuta machozi. Nami, Allah anisamehe, nilifurahi kuyaona machozi yale.

Kisa hicho sikukisoma popote. Nilikiona katika tamthilia ya Netflix iliyotoka Septemba 2022, niliyoitazama kwenye simu ya mwenzangu wa chumba.

Siku mbili baadaye dada mmoja wa kitivo cha sheria alinifuata kwa adabu. "Ustadhi," akasema, "yule mama hakuwa akiishi katika jengo lile." Akanieleza aliyoyasoma. Glenda Cleveland aliishi katika jengo la jirani. Aliyekuwa mlango kwa mlango na muuaji ni mama mwingine kabisa, na watengenezaji wa tamthilia waliwachanganya wawili hao wakapata mmoja. Tena, usiku ule wa Mei 1991, mvulana wa miaka 14 alipotoka nje akiwa uchi na amejeruhiwa, waliomkuta barabarani na kujaribu kumwokoa ni binti yake Glenda na mpwa wake. Polisi walimrudisha mvulana yule mikononi mwa muuaji. Glenda akapiga simu kutaka kuhakikisha kuwa mtoto yuko salama, akajibiwa kwamba yule ni mtu mzima. Mvulana akauawa.

Nilijitetea. Nikamwambia, "Lakini dada yangu, mafunzo si ni yale yale?"

Akaniuliza, "Ustadhi, hadithi isiyo na sanadi ungeipandisha mimbarini kwa sababu mafunzo yake ni mazuri?"

Nikakosa jibu. Tangu siku hiyo swali lake limekaa nami, nami naona ni haki yenu kukaa nalo pia.

Ndugu zangu, ugonjwa huu wa "mafunzo ni yale yale" si mgeni katika umma wetu. Tunaosoma elimu ya hadithi tunakutana na jina la Nuh bin Abi Maryam, aliyetunga hadithi kuhusu fadhila za sura za Qur'ani. Imepokewa kwamba alipoulizwa kwa nini, alisema aliona watu wameipa Qur'ani mgongo, akataka kuwarudisha. Nia ilikuwa nzuri. Wanazuoni walimpokeaje? Walimwandika katika orodha ya waongo, na yumo humo hadi leo. Walikuwapo pia wasimulizi wa visa, waliokaa misikitini wakiwaliza watu kwa habari zisizo na asili. Ibnul Jawzi, aliyefariki Baghdad mwaka 1201, aliandika kitabu kizima kuhusu watu hao, kueleza yanayofaa na yasiyofaa katika kazi yao. Wazee wetu wa elimu walijua kwamba chozi la msikilizaji si dalili ya ukweli wa msimulizi.

Tamthilia za uhalifu wa kweli ndizo wasimulizi wa zama zetu. Zinaanza kwa maandishi kwamba kisa kimetokana na mambo yaliyotokea. Maneno hayo yanakaa mahali pa sanadi, lakini ukiyauliza "nani kapokea kutoka kwa nani?" hayajibu. Ndani yake mna maneno ambayo hakuna aliyeyasikia, na watu wawili waliofanywa mmoja. Majina, lakini, ni ya watu halisi. Wana watoto, wana makaburi, na wana hesabu yao mbele ya Mola wao kama sisi.

Pengine mtu atasema: kuhamisha chumba cha mama mmoja ni jambo dogo, na tena amesifiwa. Basi tutazame kisa kingine, chenye ndugu yetu ndani yake.

Aprili 1989, katika bustani ya Central Park jijini New York, mwanamke aliyekuwa akikimbia mazoezi alishambuliwa, akabakwa na kuachwa akikaribia kufa. Walikamatwa wavulana weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini, na watano wakatiwa hatiani mwaka 1990. Mmoja wao alikuwa Yusef Salaam, kijana wa Kiislamu wa miaka 15. Baadhi yao walikuwa wamekiri baada ya kuhojiwa saa nyingi, na magazeti yaliwaita kundi la mbwa mwitu. Mwaka 2002 mtu mwingine, Matias Reyes, alikiri kwamba yeye peke yake ndiye aliyetenda, vipimo vya vinasaba vikathibitisha kuwa ni wake, na hukumu za wale watano zikafutwa. Walikuwa wamekwisha kula miaka yao gerezani. Mwaka 2014 jiji lilikubali kuwalipa dola milioni 41.

Mwaka 2019 Netflix ilitoa tamthilia ya When They See Us juu ya kisa hiki. Ilifanya jambo jema, kwani mamilioni ya watu waliziona nyuso za watoto wale badala ya jina la mbwa mwitu. Lakini mwendesha mashtaka aliyekuwa akiongoza kitengo cha makosa ya kujamiiana wakati ule, Linda Fairstein, alikwenda mahakamani mwaka 2020. Alidai kwamba tamthilia ilimpa maneno na maamuzi ambayo hayakuwa yake. Mwaka 2023 jaji aliona kwamba baadhi ya madai hayo yana uzito wa kufikishwa mbele ya baraza la mahakama. Mwaka 2024, siku chache kabla ya kesi kusikilizwa, pande mbili zilipatana. Yeye hakupewa fedha. Netflix ilikubali kutoa dola milioni 1 kwa shirika linalowatetea waliofungwa bila hatia, na kuhamishia mwanzoni mwa kila sehemu ya tamthilia tangazo kwamba baadhi ya mambo yamebadilishwa. Watengenezaji, kwa upande wao, walishikilia kwamba kazi yao ni ya haki.

Sikuja kumtetea mwendesha mashtaka yule. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye makosa kumi si halali kumwongezea la kumi na moja. Anayetetea waliosingiziwa ndiye anayetakiwa kuogopa kusingizia kuliko watu wote, maana anajua jeraha lake.

Qur'ani imetufundisha jambo hili kwa tukio la wizi lililotokea Madina. Wafasiri wanasimulia, katika maelezo ya aya za Suratun Nisaa kuanzia ya 105, kwamba mtu wa ukoo wa Bani Ubayriq aliiba deraa, kisha tuhuma ikasukumwa kwa Myahudi asiye na hatia. Jamaa zake mwizi walikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kumtetea mtu wao. Zikateremka aya za kumtakasa Myahudi yule na kuonya kwamba mwenye kutenda dhambi kisha akamtupia asiyehusika amejibebesha uzushi na dhambi iliyo wazi. Tafakarini, ndugu zangu. Mtuhumiwa hakuwa wa dini yetu, kabila lake lilikuwa na mivutano na Waislamu, na kumwachia lawama kungewafaa wengi. Wahyi ukashuka ili kumbukumbu ya kesi moja ya wizi iandikwe sawa. Basi mtu asiniambie, "Hao ni Wamarekani, watuhusu nini?"

Kuna mlango wa pili wa kuogopa. Mtume (s.a.w.) alipoeleza maana ya kusengenya, alifundisha kwamba ni kumtaja nduguyo kwa jambo analolichukia hata kama ni la kweli, na lisipokuwa la kweli ndipo linakuwa uzushi. Kwa hiyo usahihi peke yake haumalizi hesabu. Katika tamthilia ile ya Dahmer waliigiza kikao cha mahakama cha mwaka 1992, dada wa mmoja wa waliouawa alipolia na kufoka mbele ya muuaji wa kaka yake. Waliiga maneno yake, wakaiga hata mavazi yake. Baadaye alieleza kwamba hakuna aliyemuuliza wala kumjulisha. Hapo uongo haukuwapo. Lakini msiba wa mtu ulichukuliwa bila idhini, ukawekwa sokoni.

Je, basi kila tamthilia ya namna hii ni shari? Hapana, na uadilifu unatutaka tuseme hivyo. Uingereza, mawakala wa posta zaidi ya 900 walitiwa hatiani kati ya mwaka 1999 na 2015, wengi kwa sababu programu ya kompyuta iitwayo Horizon ilionyesha upungufu wa fedha usiokuwapo. Walilalamika miaka mingi. Januari 2024 televisheni ikaonyesha tamthilia ya Mr Bates vs The Post Office, iliyoandikwa baada ya mwandishi kuzungumza na walioonewa wenyewe. Nchi nzima ikashtuka, na Mei mwaka huo huo bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo. Msimulizi akiwaendea wenye kisa na kuwasikiliza, kazi yake inaweza kuwa msaada kwa aliyedhulumiwa.

Niruhusuni niseme kwa nini jambo hili linanichoma. Nilizaliwa Buyenzi, Bujumbura. Nikiwa darasa la nne, kipaza sauti cha msikiti wa mtaani kwetu kilipotea, na watu wakamnyooshea kidole muadhini, mzee mpole aliyetufundisha alifu kwa kijiti. Sisi watoto tukafanya mchezo. Mmoja alikuwa polisi, mmoja imamu, na mimi mwizi. Nilijifunga kilemba kama chake, nikachechemea kama yeye, debe kichwani. Watu wazima walicheka na kututupia faranga. Baada ya wiki tatu ikajulikana kwamba mwanakamati mmoja alikipeleka kipaza sauti kwa fundi, kisha akasafiri bila kumwambia mtu. Imamu akatangaza siku ya Ijumaa. Tangazo lilichukua dakika moja. Mchezo wetu uliendelea kwa miezi, kwa sababu ulikuwa unachekesha na hakuna aliyetukataza. Mzee alikuwa akipita, akituona. Mwishowe alihamia kwa binti yake, Rumonge. Nilipata habari za kifo chake nikiwa sekondari, sijamwomba radhi.

Kwa hiyo, nikiusia nafsi yangu kabla ya nafsi zenu, nasema haya.

Kwanza, tusisimulie kila kinachotufikia. Mtume (s.a.w.) ametuonya kuwa anayefanya hivyo tayari ameingia katika uongo. Ukitazama, kisha ukataka kusema, tafuta kwanza mahakama iliamua nini na wahusika wenyewe walisema nini. Simu iliyokuonyesha tamthilia ndiyo hiyo hiyo itakayokuonyesha habari za kesi.

Pili, ukisimulia, sema "katika tamthilia nimeona", wala usiseme "fulani alifanya". Neno hilo moja ndilo sanadi yako.

Tatu, wenzetu mnaosomea uandishi wa habari na filamu, kesho ninyi ndio mtakaozitengeneza. Msimpe mtu halisi kitendo mlichokibuni, kisha mkaliacha jina lake. Nendeni kwa jamaa wa marehemu kabla ya kuwasha kamera. Palipobadilishwa pasemwe mwanzoni, mtazamaji akiwa bado hajahukumu.

Nne, ukikosea, rekebisha mahali pale pale ulipokosea, mbele ya watu wale wale, kwa sauti ile ile. Ndiyo maana nimeandika haya, na Ijumaa nitayasema tena katika chumba chetu cha kusalia. Glenda Cleveland aliishi katika jengo la jirani. Jirani wa mlango kwa mlango alikuwa mwingine. Na waliomkuta yule mvulana wakataka kumwokoa ni wasichana wawili ambao sikuwataja hata kidogo. Dada yangu wa kitivo cha sheria, Allah akulipe kheri kwa kuniuliza.

Ewe Mola wetu, zihifadhi ndimi zetu na macho yetu. Utusamehe tulichowazulia waja wako, tukijua au bila kujua, na uwaridhishe wale ambao hatuwezi tena kuwafikia tukawaomba radhi. Umrehemu muadhini wetu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.