Uongo wa Jasusi na Uongo wa Mwigizaji

Mwigizaji hudanganya kwa ridhaa ya anayedanganywa. Mtazamaji aliyelipa kiingilio anajua fika kwamba damu anayoiona ni rangi tu. Jasusi naye huigiza mbele ya hadhira isiyojua kuwa ni hadhira. Tofauti hiyo ndiyo inayoifanya filamu ya The Spy Who Came in from the Cold, iliyoongozwa na Martin Ritt mwaka wa 1965 kutokana na riwaya ya John le Carré ya 1963, istahili kuchunguzwa kimaadili.

Ndani yake Richard Burton anamwigiza Alec Leamas, jasusi wa Uingereza anayetakiwa kujifanya mlevi aliyeachishwa kazi ili mahasimu wa Ujerumani Mashariki wamnunue. Burton, basi, anamwigiza mtu anayeigiza, na ustadi wake umo katika kuuficha mshono: macho yaliyochoka, sauti iliyokwaruza, pombe inayonywewa kwelikweli. Mtazamaji hawezi kusema kujifanya kunakomea wapi. Yamkini hata Leamas mwenyewe hawezi. Anapomtwanga ngumi muuza duka aliyekataa kumkopesha, ngumi ni sehemu ya mchezo, lakini maumivu si mchezo. (Muuza duka huyo ni Bernard Lee, yule yule aliyeigiza mkuu wa James Bond kuanzia 1962. Kejeli iliyoje kwamba anayewatuma majasusi kwingine, hapa anaangushwa na mmoja wao!)

Watetezi wa ujasusi hushikilia kuwa nchi yenye maadui haina budi kudanganya. Hoja hiyo ina uzito inapomhusu adui aliyeingia uwanjani kwa hiari, kama Fiedler, ambaye Oskar Werner anamwigiza kwa akili na uchangamfu kiasi cha kumfanya mtazamaji ampende kuliko wakubwa wa London. Haina uzito kwa Nan (Claire Bloom), mfanyakazi wa maktaba ambaye mapenzi yake yanageuzwa chambo. Leamas naye, aliyedhani ametumwa kumwangamiza Mundt, anagundua kuwa alitumwa kumwokoa, kwani Mundt ni mtu wa London. Anayehukumiwa ni Fiedler, aliyesema kweli. Wahenga walinena kuwa njia ya mwongo ni fupi; ya Leamas ni ndefu kwa sababu imechongwa na wengine.

Na mtazamaji je? Muda wote alikuwa akiombea hila ifaulu. Alikuwa radhi mtu ahukumiwe kwa ushahidi wa uongo, mradi mtu huyo awe Mundt. Filamu inamnyima nafasi ya kujitoa katika hatia hiyo, na hapo ndipo inapozipita filamu za Bond, ambamo anayekufa huwa daima amestahili.

Kwenye Ukuta wa Berlin, Nan anapigwa risasi. Leamas yuko juu ya ukuta, na sauti za magharibi zinamhimiza aruke. Sasa hana wa kumwigizia. Anashuka upande ulikolala mwili wa Nan, na askari wanafyatua tena.